Mtoto Mgonjwa ni Amana ya Mji Mzima

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ali zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zangu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Adams Arcade tumeletewa suala hili: Mzazi aliyeambiwa kuwa mwanawe ana saratani, je, yafaa aache kumhangaisha kwa matibabu marefu, amwachie Mungu? Suala hili lataka jawabu ya wazi, kwani kwa ajili yake wanakufa watoto ambao maradhi yao yana dawa.

Jawabu ni kwamba kumwachia Mungu si kukaa kitako. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufundisha kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa illa yameteremshiwa na dawa yake. Na yule bedui aliyemwacha ngamia wake huru aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Sayyidna Umar naye, alipopata habari ya tauni ya Sham, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Basi maradhi ni kadari, na dawa pia ni kadari.

Wala msidhani kwamba saratani ya watoto haiponi. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 huipata kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka azimio kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Mtoto wa London na mtoto wa Lamu wameumbwa kwa udongo mmoja. Walipotengana ni katika kuwahi dawa na kuimaliza.

Na elimu hii haikutoka mbali. Mwaka 1958 tabibu Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa nchi zetu za joto na malaria, nasi watu wa Pwani tumo. Katika miaka ya 1960, hapa Nairobi, katika hospitali ya Kenyatta, tabibu Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto hao kwa dawa, na wako waliopona. Ni aibu iliyoje kwamba dawa iliyojaribiwa mlangoni petu zaidi ya miaka 50 iliyopita, leo mtoto wetu aikose!

Kwa nini aikose? Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Mtoto akionekana na weupe ndani ya mboni ya jicho, au taya limevimba, au tumbo lina uvimbe mgumu, au ana homa isiyokwisha pamoja na weupe wa mwili na kutokwa na damu, wako wanaomzungusha kwa hirizi na makombe miezi mizima. Dua ni ibada, na hapana anayeizuia. Walakini dua yaombwa njiani kwenda hospitali. Aliye Pwani na aanzie hospitali kuu ya Mombasa, wala asingoje.

Sababu ya pili ni kuacha dawa katikati, na hii ndiyo inayotuhusu sote. Matibabu ya saratani ya damu huchukua miaka miwili au mitatu. Watoto waliogunduliwa na saratani katika hospitali kuu ya Eldoret kati ya mwaka 2007 na 2009 walichunguzwa habari zao, ikaonekana kuwa zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla ya kumaliza, na waliokuwa na bima walidumu zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Je, wazazi hao hawakuwapenda watoto wao? La hasha! Nauli iliwaishia, pa kulala hawana, na nyumbani wako watoto wengine wanaotaka kula.

Huenda mtu akasema: "Hiyo ni kazi ya Serikali." Ni kweli, na Serikali itaulizwa kwa iliyopewa. Lakini hii pia ni fardhi kifaya: wakiisimamia baadhi yetu, wengine husalimika, tukiiacha sote, sote tuna dhambi. Mama anayetoka Kipini au Vanga na mtoto mgonjwa mgongoni ni msafiri na ni maskini, na mafungu yote mawili yametajwa katika zaka. Sisi tukaao Adams Arcade tuko karibu na Kenyatta. Chumba kimoja cha wageni, sahani moja ya chakula na nauli ya kurudi kliniki ni mambo tunayoyaweza. Nanyi mlioko Pwani, zisaidieni jamaa kujiandikisha katika bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, na mtoe damu, maana watoto hawa huihitaji sana. Zile fedha za karamu ya arusi ya siku tatu zingemlea mtoto mmoja mpaka amalize dawa yake.

Imamu Ghazali, katika Ihya, aliihesabu elimu ya utabibu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi hali mji hauna tabibu Muislamu. Lawama hiyo yatufika na sisi. Wasomesheni vijana wenu, waume kwa wake, uuguzi na utabibu wa watoto.

Mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Hayo ndiyo mafundisho ya Kitabu chetu. Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu, wape subira wazazi wao, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa waliosikia wakanyamaza. Amin.