Je, Neno la Nahodha Hukodishwa?

Miongoni mwa mambo yafanyikayo kila siku katika bandari zetu ndogo, na ambayo kwa kuzoeleka kwake hatuyatazami mara mbili, ni lile la mgeni kukodi mashua ili atembezwe visiwani. Hushuka ngazi za gati, akasalimiana na nahodha, wakapatana bei na idadi ya siku, wakavitaja visiwa watakavyopitia, wakapeana mikono. Mapatano hayo huchukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa walihangaika nalo tangu kale: mtu anapokodi chombo pamoja na mwenye kukiendesha, amekodi nini hasa? Na ikiwa katikati ya safari anayelipa ataka kwenda mbele, na anayeshika usukani ataka kurudi, lifuatwe neno la nani, na kwa haki gani?

Wepesi wa watu kulijibu swali hili ndio unaotia shaka. Mmoja atasema: mwenye kulipa ndiye mwenye amri, maana fedha ni zake na safari ni yake. Mwingine atasema: nahodha, wala hapana mjadala, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Majibu yote mawili hukatikia njiani. La kwanza lamfanya nahodha kuwa kifaa kati ya vifaa, mfano wa kasia au tanga. La pili lamfanya msafiri kuwa gunia la mchele, lililopakiwa na litakaloshushwa. Nao wote wawili ni watu, na wote wana haki.

Tuchukue visiwa vya Lamu kwa mfano. Anayetoka Lamu mjini kwenda Takwa, ule mji wa kale katika kisiwa cha Manda ulioachwa na wenyewe yapata karne tatu zilizopita, hana budi aingie katika kijito cha bahari kipitacho kati ya mikoko, na kijito hicho hakipitiki ila maji yamejaa. Anayeendelea Pate, Siyu, Faza, hata Kiwayu, atapitia Mkanda, baina ya Manda na bara, napo vilevile pana saa zake. Maji yakipwa, chombo hukaa juu ya tope, na fedha zote za benki haziwezi kukinyanyua mpaka bahari irejee. Kwa hiyo mwandishi wa ratiba ya safari hizi si msafiri wala nahodha; ni mwezi. Bamvua hufungua njia ambazo maji mafu huzifunga.

Na juu ya mwezi upo upepo. Mwezi wa Agosti, ambapo wageni wengi wa Ulaya huwa katika likizo zao, kusi bado ina nguvu. Mbele ya mji mgeni huona maji yaliyotulia, watoto wakiogelea na punda wakinyweshwa, akajisemea kwamba bahari leo ni njema. Lakini nje ya mlango wa Shela, pasipokuwa na kisiwa cha kuyakinga mawimbi, mambo huwa mengine. Mgeni huona pale alipo. Nahodha huona kule aendako. Hapo ndipo hitilafu yao huzaliwa, na aghlabu wote wawili huwa wasema kweli.

Mafakihi wa Kiislamu, ambao fikihi yao iliongoza mapatano mengi ya biashara katika pwani hii kwa karne kadhaa, huliita jambo hili ijara. Kwao ijara ni kuuza manfaa, si kuuza dhati ya kitu: aliyekodi nyumba hakununua kuta, amenunua kukaa, aliyekodi ngamia hakununua mnyama, amenunua kubebwa. Tena hupambanua baina ya kukodi kitu na kumwajiri mtu. Na katika watu, baina ya mwajiriwa wa mtu mmoja, ambaye huuza muda wake, na mwajiriwa wa watu wote, kama mshonaji wa nguo, ambaye huuza kazi iliyotimia. Mashua yenye nahodha imeyachanganya yote haya. Mgeni amekodi mbao, matanga na mashine. Ameajiri mikono ya mabaharia. Na ameahidiwa kazi, yaani kufikishwa. Lakini limesalia jambo la nne lisiloingia katika mafungu hayo kwa wepesi: hukumu ya nahodha, ule uamuzi wake kwamba leo kunapitika au hakupitiki. Je, nayo imo katika bei?

Ili tulione jambo hilo la nne kwa uwazi, yafaa tutazame pahala ambapo halipo. Katika visiwa vya Virgin vya Uingereza, huko Karibi, imestawi biashara ya kukodisha chombo kitupu. Mgeni mwenye ujuzi hukabidhiwa mashua ya matanga pasi na baharia hata mmoja, akaondoka nayo kisiwa hadi kisiwa. Visiwa vingi vya huko huonekana kimoja kutoka chengine, na upepo huvuma kwa utaratibu sehemu kubwa ya mwaka. Aliyekodi ndiye nahodha. Akikosea amekosea yeye, wala hana wa kumlaumu. Mapatano ya namna hiyo hayana utata, kwa kuwa fedha na hukumu zimo katika mkono mmoja. Lakini katika maji ya Lamu, au yale ya Mafia baina ya Chole, Juani na Jibondo, sehemu kubwa ya ujuzi wa njia haimo katika karatasi. Imo katika kichwa cha mtu aliyeipokea kwa wakubwa wake. Tanga laweza kutenganishwa na mwenyewe na kukodishwa, ujuzi hauwezi. Anayeuhitaji hana budi amchukue mtu mzima, pamoja na ndiyo yake na hapana yake.

Plato, katika majadiliano yaitwayo Gorgias, amemfanya Socrates atoe mfano wa nahodha avushaye watu kutoka Aegina kwa oboli mbili tu, na kutoka mbali kama Misri kwa drakma mbili ikizidi sana, wao na watoto wao na mali zao. Akishawashusha, nahodha huyo hutembea ufukoni kando ya chombo chake bila ya majivuno. Sababu anayoitoa Socrates ni ya ajabu: nahodha hajui ni yupi katika abiria wake aliyemfaa kwa kutomwacha azame, na ni yupi aliyemdhuru, maana amewashusha vilevile walivyopanda, si bora zaidi kwa mwili wala kwa roho.

Twaweza kuutazama mfano huo kwa upande wa pili. Ujira wa nahodha ni mdogo kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake haionekani. Tufani aliyoiepuka haina shahidi. Akigeuza chombo, na upepo usichafuke kama alivyohofu, abiria watasema ametuharibia siku. Ukichafuka, hawatakuwa huko kuuona. Watakuwa barazani wakinywa chai, na bado watasema ametuharibia siku. Daktari akimkataza mgonjwa chumvi, mgonjwa atapimwa na ataona. Nahodha akikataza safari, ushahidi wa usahihi wake umepotea pamoja na hatari yenyewe. Ndiyo maana hapana yake ni amana, na haiwezi kuwa bidhaa. Bidhaa hukaguliwa kabla ya kulipiwa, na hii haikaguliki.

Na hapana hiyo yamgharimu. Siku za wageni ni chache katika mwaka, na mashua yataka rangi, kalafati na mafuta hata isipotoka. Akikataa, pembeni yupo kijana mwenye mashua nyengine atakayekubali. Katika hali hiyo fedha haikuinunua hukumu ya nahodha kwa rushwa. Imeibana kwa njaa tu. Hapana aliyemwamuru asafiri katika bahari mbaya. Ameambiwa kwa upole, na kwa tabasamu, kwamba safari isipokuwapo malipo hayapo. Mgeni aliyeyasema hayo hajioni kuwa ametenda dhuluma, na pengine hakukusudia. Lakini ameyapanga mambo kwa namna ambayo ukweli utamlaza mwenzake na njaa, kisha akamtarajia mwenzake aseme ukweli.

Hapa msomaji aweza kuleta pingamizi mbili, nazo zastahili kujibiwa. Ya kwanza: mgeni ni mtu mzima, mwenye akili zake; kama ataka kuhatarisha maisha yake, nani wa kumzuia? Ingekuwa hivyo lau angekuwa peke yake chomboni. Lakini yupo baharia anayechota ngama, yupo mtoto wa miaka kumi na sita aliyepanda ili ajifunze kazi, na wote hao hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, kuridhia hatari kwataka kuijua. Aliyeyaona maji ya mbele ya gati peke yake hakuiridhia bahari ya nje. Ameridhia picha yake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Nahodha naye ni binadamu. Aweza kuisingizia bahari ili afupishe safari, abakishe mafuta na arudi mapema kwa shughuli zake. Je, mgeni afumbe macho na kutii kila neno? La. Hapa yafaa tupambanue baina ya amri na hesabu. Chomboni, katika jambo la usalama, amri ni ya nahodha peke yake, kwani bahari haingoji mjadala. Lakini wakishashuka, mgeni ana haki ya kuuliza, na nahodha ana wajibu wa kueleza: uliona nini, ulihofu nini, kwa nini tuligeuka pale? Nahodha mkweli hachukizwi na swali hilo likija wakati wake. Mwongo hugunduliwa ufukoni, kwa manahodha wenziwe wanaoyajua maji yale yale. Utiifu wa chomboni bila ya hesabu ya nchi kavu huzaa ujeuri. Na hesabu ikidaiwa katikati ya mawimbi huzaa maafa.

Sheria za dunia zimelitambua jambo hili. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, kama unavyosomeka leo, unakataza mwenye meli, aliyeikodi, kampuni inayoiendesha au mtu mwengine yeyote kumzuia nahodha asichukue uamuzi ambao, kwa ujuzi wake, ni wa lazima kwa usalama. Waliouandika walizifikiria zaidi meli kubwa, si mashua za matembezi, lakini maana yake ni ile ile: aliyekodi ametajwa kwa makusudi, kwa sababu ndiye mwenye nguvu ya fedha. Na sisi wa visiwa hivi hatuhitaji mkataba wa kutufundisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, ikiwa imejazwa watu kupita kiasi. Ile haikuwa mashua ya kukodi wala safari ya starehe. Lakini kila anayekumbuka asubuhi ile ajua uzito wa hapana ambayo ilipasa isikike gatini kabla ya kamba kufunguliwa, na haikusikika.

Basi jawabu langu ni hili. Mwenye kukodi chombo amenunua manfaa ya chombo, kazi ya mikono na kiasi cha siku. Hukumu ya nahodha hakuinunua. Amejiweka chini yake, kama mgonjwa ajiwekavyo chini ya tabibu. Lakini kwa kuwa hukumu hiyo ni ya kumlinda yeye, ana wajibu wa kuilinda nayo isife njaa. Wajibu huo ni wa fedha, si wa maneno matamu. Hutimizwa nchi kavu, kabla ya mkono kupeanwa, kwa swali moja: siku ya bahari mbaya tutafanyaje? Ikiwa siku hiyo nayo ina malipo yake, ijapokuwa pungufu, nahodha ataitazama bahari kwa macho yake mwenyewe. Ikiwa haina, ataitazama kwa macho ya tumbo lake.

Wala wajibu huo si wa mgeni peke yake. Manahodha wengi si wenye vyombo. Nyuma yao yupo tajiri aliyekaa barazani, aingojaye jioni apokee fungu la chombo, kwa ile desturi yetu ya kugawana mapato mafungu, la chombo na la watu. Huyo hamjui mgeni wala hakuiona bahari ya siku ile, bali huuliza kwa nini mashua haikutoka. Desturi ya mafungu ni desturi ya haki, maana imewafanya watu kuwa washirika katika faida. Nadhani haitakamilika mpaka iwafanye washirika katika hapana pia: mwenye chombo apokeaye fungu siku ya neema, naye abebe fungu lake siku ile nahodha wake aliposimama gatini, akatazama nje ya mlango, akasema leo hatutoki.