Laptopu Yako, Jahazi Letu



Ndugu zangu katika imani, Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliogawana jahazi kwa kura. Wa chini walichoka kuwapitia wa juu kila walipotaka maji, wakaona bora watoboe sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Tuzingatie: hawakukusudia ubaya. Walitaka kutowasumbua wenzao, tena walitaka kutoboa fungu lao wenyewe.

Kwetu Ryansoro, mkoani Gitega, hakuna bahari, ila tunaijua chemchemi ya kilima: anayeichafua amechafua mtungi wa jirani. Mtandao wa chuo ndiyo chemchemi hiyo. Laptopu ni mali yako, lakini ukishaiunganisha, hali yake inatuhusu sote.

Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilitambaa chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, kikifunga mafaili na kudai fidia. Huko Uingereza, hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Nayo dawa ya tundu lile ilikuwa imeshatolewa tangu Machi! Waliochelewa kusasisha mashine zao hawakumchukia mgonjwa yeyote, lakini madhara yalimfikia.

Basi tusasishe kompyuta zetu. Tukague flashi kabla ya kufungua kilichomo. Tuache programu za wizi, kwani nyingi huja na virusi. Mafaili makubwa tuyapakue usiku, si saa ambazo wenzetu wanatuma kazi zao. Wala tusichomeke ruta zetu kwenye waya wa chuo: huenda zikagawa anwani zisizo sahihi, na jengo zima likakosa mtandao.

Na fundi akiiondoa mtandaoni mashine yenye virusi, tusiseme ametudhulumu. Ameshika mkono wa anayetoboa. Lakini kushika mkono si kutukana. Wale wa chini walikuwa na haja ya kweli ya maji. Vivyo hivyo, yupo ndugu asiyejua kusafisha kompyuta yake, au asiye na bando la kuisasisha. Anayejua akae naye nusu saa. Hiyo nayo ni sadaka.

Allah atujaalie tuwe watu ambao jirani zao wamesalimika na madhara yao. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.