KHUTBA YA IJUMAA: JICHO LA MTOTO NI AMANA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Leo tunasema juu ya mtoto anayezaliwa na ukungu mweupe machoni.

Wako wanaosema mama amelogwa, au mtoto ni mchawi. Hiyo ni dhulma. Mbele ya jicho iko konea, ngozi angavu inayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Yako maradhi ya kurithi yanayoitia ukungu tangu kuzaliwa. Mara nyingi baba na mama wanaona vizuri, lakini kila mmoja amebeba asili ya ugonjwa bila kujua. Hapo, kwa kila mimba, mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Mama hana kosa. Wala upofu si laana: Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, naye alikuwa mwadhini wa Mtume.

Je, iko tiba? Madaktari huondoa konea iliyoharibika na kupandikiza nzima. Desemba 1905, daktari Eduard Zirm wa Olomouc alifaulu kwa mara ya kwanza, akitumia jicho la mtoto lililotolewa baada ya kuumia. Kwa kitoto kichanga kazi ni ngumu zaidi: mwili unaweza kuikataa konea, na dawa ya matone na vipimo havikatiki. Tena si kila weupe ni konea. Huenda ni mtoto wa jicho, au presha ya jicho. Daktari wa macho ndiye anayetofautisha.

Wengine wanauliza: ni halali? Wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, waliokutana Jeddah Februari 1988, walijibu. Konea ya jicho lililotolewa kwa ugonjwa, inafaa. Ya maiti, inafaa kwa idhini yake alipokuwa hai, au ya warithi wake. Kumpofusha aliye hai kwa kumtoa konea zote mbili ni haramu. Kuuza kiungo pia ni haramu.

Basi tusichelewe. Akili ya mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Jicho likikaa gizani muda mrefu, hata likitengenezwa baadaye, huenda lisione vizuri. Tusitie majani wala maji ya mizizi machoni, yanaunguza konea. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa.

Enyi akina baba, msimfukuze mama kwa sababu ya mtoto. Enyi majirani, kutoka Kipushi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 30 tu. Mwenzetu akikosa nauli, tumchangie leo, tusingoje mwezi ujao.

Ee Mola, waponye watoto wetu, utie nuru machoni na nyoyoni mwetu. Amin.