Hesabu Haikutaja Jina

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliorodhesha vipeo ambavyo, kwa madai yake, ukiinua 2 hadi kila kimoja na kutoa 1, unapata namba tasa. Ndani ya orodha alitia 67. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Tunaita tasa namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hilo limenisumbua tangu sekondari, maana hata mtu tumezoea kumwita tasa kwa sababu tu watoto hawajaonekana.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba ile si tasa, na hakutaja kigawo chake hata kimoja. Inawezekanaje? Kila namba tasa kubwa kuliko 2 ina sharti hili: inua 2 hadi kipeo kilicho pungufu ya namba hiyo kwa 1, kisha gawanya kwa namba hiyo, lazima baki liwe 1. Kwa 7 tunapata 64, na baki ni 1. Kwa 15 tunapata 16,384, na baki ni 4. Basi 15 si tasa, na hakuna mahali tulipotaja 3 wala 5. Sharti alilotumia Lucas lilikuwa jingine, lakini ni la ukoo huo huo.

Vigawo vilisubiri hadi Oktoba 1903, Frank Nelson Cole alipovionyesha mbele ya wanahisabati wenzake huko New York: 193,707,721 na 761,838,257,287. Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba Cole hakusema neno. Alizidisha ubaoni akaenda kuketi, na kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Kisa huenda kimetiwa chumvi, lakini hesabu haina chumvi. Niliirudia mwenyewe kwa kalamu. Mara ya kwanza nilikosea, ya pili jibu likatoka.

Je, katika ile miaka 27 kati ya Lucas na Cole, watu walijua nini hasa? Nauliza kwa sababu muhula uliopita nilikuwa mweka hazina wa chama chetu kidogo cha wanafunzi. Daftari lilionyesha wanachama 40 wamelipa shilingi 10,000 kila mmoja. Sandukuni mlikuwa na 340,000. Funguo walikuwa nazo watu watatu, mimi nikiwa mmoja wao. Nilisoma hesabu mkutanoni, nayo ilikuwa sahihi. Kabla sijaketi, jina lilishatajwa: mwenzetu mwenye ufunguo ambaye siku zile alikuwa na simu mpya. Watu walidhani ni hesabu yangu iliyomtaja. Sikuwasahihisha. Nilikuwa mmoja wa wale watatu, na jina la mwingine lilinipa nafuu.

Rafiki yangu wa sheria ananiambia watu si namba: chama hakiwezi kungoja miaka 27. Ni kweli. Lakini uthibitisho wa Lucas haukuwa wa kukaa bure. Ulitosha kuifuta 67 katika orodha ya Mersenne siku ile ile. Na sisi tulichokijua kilitosha kubadili kufuli, kuandika stakabadhi, hata kuchanga upya zile 60,000. Hakikutosha kumvua mtu uongozi, nasi tulimvua. Tena mwanahisabati akitaja kigawo cha uongo, yeyote mwenye karatasi atazidisha na kumuumbua jioni hiyo hiyo. Jina la mtu halina pa kuzidishiwa, na ndiyo maana linatajwa kwa urahisi kuliko kigawo.

Mwenzetu huyo bado ananisalimu tukikutana maktaba. Sijamwambia kwamba hesabu yangu iliishia kwenye 60,000.