Dhamana ya Aliyetoa Bure

Aprili 2015, mtafiti wa usalama Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium aliiarifu Google kuhusu dosari alizozikuta ndani ya Stagefright, sehemu ya Android inayofungua video na sauti. Hakupeleka malalamiko matupu. Alipeleka na marekebisho. Habari ilipotangazwa Julai, Zimperium ilikadiria kuwa simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Kilichotisha zaidi ni njia yenyewe: simu iliweza kuanza kuichambua video iliyotumwa kwa MMS kabla mwenye simu hajaigusa. Huenda alikuwa amelala fofofo. Hakubonyeza kiungo, hakulaghaiwa, hakukosea popote.

Madhara yakimpata mtu ambaye hakutenda lolote, ni nani wa kuulizwa?

Dosari mojawapo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ni ndogo kiasi cha kustaajabisha. Video ya MP4 huweza kubeba maandishi yanayopita chini ya picha, na faili yenyewe hutaja ukubwa wa maandishi hayo. Stagefright ilichukua ukubwa wa kipande kipya, ikaujumlisha na ule wa vilivyotangulia, kisha ikaomba nafasi ya kumbukumbu inayotosha jumla hiyo. Lakini namba ya biti 32 haivuki 4,294,967,295. Ukiiongezea moja, inarudi sifuri. Mtu mwovu akiandika ukubwa wa uongo, jumla inaporomoka na kuwa namba ndogo, programu inatenga nafasi finyu, halafu inamimina humo data tele. Inayofurika inafuta kumbukumbu ya jirani, ambako huenda imewekwa anwani ya hatua inayofuata ya programu. Tangu hapo aliyetunga faili ndiye anayeamua simu ifanye nini. Yote hayo kwa sababu hesabu iliyoletwa na mgeni iliaminiwa bila kuhakikiwa.

Hatari ya aina hii haikuwa siri. Tony Hoare, Mwingereza aliyesoma falsafa Oxford kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, aliizungumzia alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1980. Alisimulia jinsi miaka ya 1960 timu yake ilivyounda programu ya kutafsiri lugha ya kompyuta ya Algol 60, iliyokagua kila mara kama namba inayotajwa imo ndani ya mipaka ya safu yake ya data. Wateja waliulizwa kama wangependa uwezo wa kuzima ukaguzi huo ili kazi iende haraka. Wote walikataa, kwa kuwa walishajionea jinsi makosa hayo yanavyotokea mara kwa mara. Hoare alisema kwamba katika uhandisi mwingine wowote unaojiheshimu, kupuuza tahadhari ya msingi namna hiyo kungekuwa kinyume cha sheria. Hata hivyo, lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, haifanyi ukaguzi huo, na ndiyo iliyotumika pamoja na C++ kuandika sehemu kubwa ya programu zinazofungua picha na video. Kasi ilipewa kipaumbele, na bei ikalipwa na wengine.

Torati ina sheria mbili zinazogusa jambo hili. Katika Kutoka 21, mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Kumbukumbu la Torati 22 linamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mkazi wa Lamu, anayejua paa bapa ambalo watu hupanda juu yake, haelezwi zaidi. Sheria hiyo inamtazama mjenzi kabla ya ajali, wakati ambapo matofali machache yangetosha.

Mtetezi wa kampuni ana hoja nzito, na inastahili kujibiwa: hakuna anayeanguka mwenyewe, kuna anayemsukuma. Mwaka 2021, watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto walikuta kwenye simu ya mwanaharakati wa Saudia shambulio walilolihusisha na kampuni ya Israel ya NSO Group. Faili zilijiita GIF, kumbe ni PDF zilizobeba JBIG2, mbinu ya zamani ya kubana kurasa nyeusi na nyeupe zilizopigwa skana. Baadaye wataalamu wa Google walionyesha kwamba washambuliaji walitumia zaidi ya amri 70,000 za mbinu hiyo kujijengea kompyuta ndogo nzima ndani ya kumbukumbu ya simu. Dhambi ya msukumaji ni yake na haigawanywi. Lakini anayejenga katika mji anaoujua kuwa una wezi, halafu akaacha mlango bila komeo, ana hesabu yake mwenyewe ya kutoa.

Ugumu unaanza pale mjenzi anapokuwa hakuuza chochote. FFmpeg, programu huria ya kufungua video na sauti iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, inategemea sana kazi ya watu wa kujitolea na imo ndani ya VLC na Chrome. Leseni yake inatamka wazi kwamba haina dhamana. Mwaka 2025, mfumo wa akili unde wa Google ulifichua dosari katika sehemu ya FFmpeg inayofungua video za mchezo wa kompyuta wa 1995. Watu wa FFmpeg walilalamika hadharani kwamba kampuni tajiri inawaletea kasoro bila marekebisho wala fedha, huku siku 90 za kabla ya dosari kutangazwa zikihesabiwa. Malalamiko yao ni ya haki. Drake alikuwa ameshaonyesha njia iliyo bora miaka kumi nyuma.

Fikihi ya Kiislamu hutofautisha mauzo na hiba. Mnunuzi akigundua aibu iliyofichika ana khiyari ya kurudisha bidhaa. Aliyepewa zawadi kwa kawaida hana. Hata hivyo, hadithi iliyopokewa na Abu Daud inambebesha dhamana anayetibu watu pasipo kujulikana kuwa na elimu ya tiba, wala haikutaja ujira. Kwa hiyo mtoaji naye ana wajibu: aseme ukweli kuhusu kile anachokijua. Lakini kampuni inayoichukua hiba hiyo, ikaiweka ndani ya simu na kuiuza, imeshakuwa muuzaji. Aibu iliyomo ni yake.

Kisingizio kwamba dosari hizi haziepukiki nacho kimekwisha. Google ilieleza mwaka 2024 kwamba sehemu ya dosari za Android zitokanazo na makosa ya kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24, hasa kwa kuandika msimbo mpya katika lugha salama kama Rust, bila kuandika upya ule wa zamani.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayochora mstari huo huo kati ya mtoaji na muuzaji. Ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027. Muuzaji wa vifaa vya kidijitali atapaswa kuziba dosari kwa kipindi kinachotangazwa, na faini inaweza kufika euro milioni 15 au zaidi. Anayetoa programu huria pasipo biashara ameachwa nje. Sheria hiyo inahusu bidhaa zinazoingia soko la Ulaya, kwa hiyo anayenunua simu Kariakoo, iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake, hana pa kuipeleka khiyari yake.