Chumvi, Homoni na Lawama

Mgonjwa wa presha hupewa dawa pamoja na lawama. Kipimo kikiwa juu, huulizwa kwanza kama ameacha chumvi, na akisema ameacha, mara nyingi haaminiwi. Swali hilo limebeba imani kwamba mwili hutii nia, hivyo anayeugua amezembea. Lakini mwili una watawala wake, nazo ni homoni. Tukizidisha chumvi, figo hupunguza renini, tezi zilizo juu yake hupunguza aldosteroni, na ziada hutoka kwa mkojo. Kwa baadhi ya watu aldosteroni haishuki inavyopasa: figo hung’ang’ania chumvi, maji huifuata, shinikizo la damu hupanda. Mwaka 1955 daktari Jerome Conn wa Michigan alieleza habari za mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa na uvimbe uliomwaga homoni hiyo bila kipimo. Ulipoondolewa, presha ilishuka. Upasuaji ulitibu kile ambacho nasaha zisingeweza. Kumwita mtu kama huyo mlafi ni dhuluma.

Atatokea wa kusema kwamba homoni sasa zimekuwa kisingizio, basi kila mtu ajimwagie chumvi atakavyo. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Wayanomami wa msitu wa Amazon hutumia chumvi kidogo mno. Renini na aldosteroni zao ziko juu sana, na bado shinikizo lao hubaki chini hata wanapozeeka. Maana yake homoni bila chumvi haina cha kushikilia. Karibu nasi, Waluo waliofuatiliwa walipohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya shinikizo lao lilipanda mapema tu, huku sodiamu ikiongezeka katika mkojo wao. Hawakuhama na tezi mpya. Kilichobadilika ni maisha, chakula kikiwamo.

Kwa hiyo chumvi ina hatia, ila hatia ya chumvi si lazima iwe ya mlaji. Wajibu hufuata uwezo, kanuni ambayo hata wanazuoni wa dini huikubali. Mgonjwa anaweza kuzuia mkono wake mezani. Hawezi kuiamuru tezi, wala kuichomoa chumvi iliyokwisha kutiwa kwenye mkate (na huko ndiko wengi wetu tunakoila bila kujua). Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, na ushauri huo unamhusu mwoka mikate pia. Nawe unayemeza dawa tatu ipasavyo, moja ikiwa ya kukojosha, na presha haishuki: mwombe daktari apime aldosteroni na renini yako.