Bei ya Kuitwa Mtoto

Jumamosi moja asubuhi, mjini Atlanta, rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani alinipeleka kufungua kinywa kwenye mgahawa wa mtaani kwao. Mahali penyewe padogo, meza hazizidi kumi, ukutani picha za familia ya mwenye mgahawa, na mlangoni kibao kinachosema chakula ni cha nyumbani. Nililetewa gritsi, yaani mahindi ya chenga yaliyopikwa mpaka yakasimama kati ya uji na ugali, pamoja na mayai, kuku wa kukaanga na biskuti. Jina lisikudanganye: biskuti ya huko ni kimkate laini cha siagi, ukikivunja kinatoa mvuke.

Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo. Kila alipopita kuniongezea kahawa aliniita "mtoto", kama wanavyoita Kusini mwa Marekani hata mtu mwenye ndevu. Nilikuwa na wiki mbili sijaitwa kitu chochote zaidi ya "bwana". Nikajisikia nyumbani.

Bili ilipokuja rafiki yangu akasema, "Kaka, acha asilimia 20."

"Ya nini? Bei si imeandikwa?"

"Ndiyo mshahara wake huo."

Akanieleza. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 1991. Bakshishi isipotosha, mwajiri anatakiwa kujazia mpaka ifike dola 7.25. Majimbo mengine yana sheria bora zaidi, ila Georgia si mojawapo.

Nililipa, lakini ile "mtoto" ikaanza kunikwama kooni. Kumbe nilikuwa nainunua? Na upendo ulionunuliwa ni upendo gani?

Jibu la haraka, hasa kwetu tunaopenda kujisifia ukarimu wa Kiafrika, ni kwamba ukarimu wa kweli ni wa bure. Lakini sisi hao hao ndio tunaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hawakuona aibu kuweka jembe na sahani kwenye sentensi moja. Na mama ntilie, ambaye hata jina lake ni ombi la mteja, anauza. Anakutilia wali, unalipa, na bado akiona umekonda anakuongezea maharage bila kuuliza. Hela haijaua chochote hapo.

Tena Kusini kwenyewe kuna ushahidi mzuri zaidi. Georgia Gilmore alikuwa mpishi Montgomery, Alabama. Watu weusi walipogomea mabasi ya mji huo, mwaka 1955 hadi 1956, alifukuzwa kazi, akageuza jikoni kwake kuwa mgahawa. Yeye na wanawake wenzake walipika na kuuza vyakula na keki, na fedha zikaenda kuendesha mgomo. Walijiita klabu isiyotoka popote, ili mtu akiuliza hela zimetoka wapi, jibu liwe la kweli: hazikutoka popote. Kila sahani ya mama yule ilikuwa na bei, na sijui zawadi gani ya bure inayoizidi.

Basi kama tatizo si bei, ni nini? Katika miaka hiyo hiyo, mjini Birmingham, kulikuwa na mgahawa wa kifamilia ulioitwa Ollie's Barbecue. Theluthi mbili ya wafanyakazi wake walikuwa watu weusi, lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kukaa mezani. Alinunua akaondoka nacho. Mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, Desemba 1964, kwamba sheria mpya ya haki za raia inauhusu na mgahawa ule. Hela ya mtu mweusi ilipokelewa, mikono yake ilipika, kiti ndicho alichonyimwa. Na bila shaka waliokaa ndani walijisikia nyumbani kabisa.

Hapo ndipo naona mpaka. Ukarimu hauharibiki kwa kulipiwa. Unaharibika pale mmoja anapokuwa hana uwezo wa kukataa. Mama wa Atlanta huenda aliniita "mtoto" kwa moyo wake wote, nadhani ndivyo. Lakini utaratibu ule uliniwekea kodi ya nyumba yake mkononi, halafu ukamtaka atabasamu. Hata kama tabasamu ni la kweli, yeye hana njia ya kulithibitisha, na mimi sina haki ya kulidai. Angelipwa vizuri, lile neno lingekuwa lake, la kutoa au kubaki nalo.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa hakimu wa Wamarekani. Ila usiku ule nilikumbuka jambo. Nilipoanza kazi ya habari, mshahara ukichelewa, nilikula kwa mkopo kwa mama ntilie mmoja nyuma ya ofisi yetu, Dar. Aliniita mwanangu. Akaandika deni langu kwenye daftari la shule: shilingi 14,000. Kisha nikapata kazi kwingine, na safari ya kurudi kulipa nikaiahirisha mpaka ikawa aibu. Nilijiambia yule ni mama, hawezi kunidai. Yaani nililigeuza neno lake kuwa risiti.

Nilipokwenda hatimaye, banda lilikuwa limeshabomolewa. Jirani muuza vocha hakujua alikohamia.

Asilimia 20 ya Atlanta niliitoa ndani ya dakika moja, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ananitazama. Ya Dar hakuna aliyenitazama, isipokuwa mtu aliyeniita mwanangu na kuamini kwamba neno lile linatufunga sote wawili.